Vitobo

Shaame alipokwenda kusoma Tunguu
aliniachia simu yake kuukuu,
kioo kimeatuka kama ganda la yai la kuchemsha,
na visikizio, kimoja hakisemi.
"Shangazi, mna mazungumzo humo," alisema.
Nikaitia mkobani pamoja na nyuzi na bafta,
nikaisahau mpaka Rajabu.

Mimi nashona kofia. Limbani, Wete, baraza ya nyuma.
Kofia moja mwezi na siku zake,
vitobo elfu na ushei, kila kimoja
nakizungushia uzi mpaka kikaze,
kibaki wazi.

Usiku mmoja umeme ulikatika.
Nabonyeza natafuta tochi,
akanitokea mwanamke sikioni:
"Jiwe unaloliona gumu," alisema polepole,
kama mtu anayepepeta mchele,
"kwa ndani, karibu lote ni uwazi."

Nikasimamisha sindano.

Jiwe? Uwazi?
Nikawasha kibatari, nikainyanyua kofia mbele yake,
mwanga ukapenya, ukajimwaga ukutani chembe chembe.
Kumbe mie
miaka ishirini na sita nashona uwazi;
uzi ni ua tu, nauzuia usitoroke.

Tangu hapo silali mapema.
Podikasti, Shaame aliniambia ndilo jina lake,
neno kama la dawa ya minyoo.
Mmoja anauliza samaki hulala vipi macho wazi,
mwengine, kwa nini majirani hukopeshana sukari
na hawakopeshani siri.
Bwana mmoja mwenye kikohozi
alikaa saa nzima juu ya jambo moja:
kitu kikibadilishwa kipande kipande, bado ni kile kile?
Huyo nilimjibu kwa sauti. Nikamwambia, njoo Limbani
uione charahani ya marehemu mama:
mkanda nimeutia mimi, gurudumu kalitia fundi Kombo,
meza ililiwa na mchwa tukapiga nyengine,
sindano sizihesabu.
Lakini nikiizungusha
hulia vile vile, kwi, kwi,
pale pale mama alipokuwa akiguna.
Haya niambie: mama yangu yumo
katika chuma, au katika ile kwikwi?

Hakujibu. Hao hawajibu,
ndio utamu wao, na ndio udhia wao.

Raya, jirani, alinisikia kupitia uani.
Asubuhi akaja na ubani na uso wa matanga.
"Mize, nani unasemezana naye usiku wa manane?"
Nikamtia kisikizio, kile kizima,
nami nikakaa nikimtazama.
Kwanza alikunja uso. Kisha akaacha kutafuna tambuu. Kisha
akanipiga paja: "Muongo huyu!"
na akakaa mpaka adhuhuri akimsikiliza muongo wake.
Ubani tulisahau kuuchoma.

Mwisho wa mwezi alikuja Haroub kuchukua kofia,
bei mdomoni kabla ya salamu.
Na mie usiku wake nililala na sauti ya binti
aliyeuliza, bei huzaliwa wapi?
"Haroub," nikasema, "hiyo bei umeipima kwa pishi gani?"
Akacheka. Nikamngoja.
Akaacha kucheka. Akasema, ni soko.
Nikamuuliza, huyo Soko mwana wa nani,
na macho yake yamewahi kuuma kwa uzi mweupe?
Akaongeza elfu tano, huku akitazama kuku.
Si nyingi. Lakini kile kimya chake
kabla ya elfu tano,
kile ningekinunua mimi.

Siku hizi bando tunachangia, Raya na mie,
mia tano kwa mia tano.
Jana liliisha katikati ya swali.
"Na je, kama sisi wenyewe..." ilisema sauti,
ikazimika.

Tukatazamana,
swali limekaa baina yetu
kama kitobo kisichopitiwa uzi.
"Kama sisi wenyewe nini?" akauliza Raya.

Nikaokota sindano.
"Anza wewe," nikamwambia.